Chombo Kikivunjika, Vitabu Ni Vya Nani?

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za vitabu visivyo na karatasi. Labda wengine watasema ya kuwa habari hii ni ya watu wa mijini, wala haiwahusu walioko Didia, au Tinde, au vijiji vya mbugani. Sivyo. Hata Didia leo mwalimu au mwinjilisti aweza kuchukua mfukoni vitabu vingi kuliko vilivyojaza kabati nzima ya shule hapo zamani. Vingine vimo katika simu yake, na vingine katika kile chombo chembamba cha kusomea, kama kile kiitwacho Kindle, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Chombo hicho hakiyachoshi macho, na betri yake hudumu majuma kadhaa, jambo ambalo ni msaada mkubwa mahali ambapo umeme hukatika. Lakini kioo chake ni dhaifu. Kikibanwa mkobani juu ya pikipiki, au kikikaliwa na mtoto, uso wake hupasuka kwa ndani, na maandiko hugeuka kuwa mistari meusi isiyosomeka. Ndipo mwenyewe ajiulizapo: je, vitabu vyangu vimekwisha? Na kama havikwisha, viko wapi, na ni vya nani?

Tusidhani ya kuwa hii ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010 ili kuwapelekea watoto vitabu kwa njia ya vyombo hivi, lilianza kazi yake katika shule za Ghana, na katika jaribio lile la kwanza vyombo kama 40 katika kila 100 viliharibika. Hesabu hiyo haikufichwa, nasi twaisifu tabia hiyo. Basi yeye anunuaye chombo cha namna hii yampasa ajue tangu siku ya kwanza ya kuwa iko siku kitavunjika.

Neno la kwanza la kufahamu ni kwamba chombo si kitabu. Kitabu kilichonunuliwa katika duka la mtandao huandikwa katika daftari la duka, chini ya jina la mnunuzi, na fungu lake katika daftari hilo ndilo liitwalo akaunti. Chombo kikifa, mnunuzi akipata kingine, hata simu tu yenye programu ya duka lile, huingia kwa baruapepe yake na neno lake la siri, na vitabu vyake humrudia kimoja kimoja, pamoja na mistari aliyoitia alama. Hadaiwi fedha mara ya pili. Lakini vitabu alivyovitia mwenyewe kwa waya kutoka kompyuta, duka halina habari zake. Hukaa ndani ya chombo peke yake, na chombo kikifa kabisa hufa pamoja nacho. Hata hivyo asikate tamaa upesi. Mara nyingi kioo tu ndicho kilichokufa, na tumbo la chombo lingali zima. Kikiungwa kwa waya na kompyuta, huonekana kama flashi, na mafaili yaweza kunakiliwa kutoka ndani yake, isipokuwa mwenyewe alikifunga kwa namba ya siri, na sasa hana kioo cha kuiandikia namba hiyo. Iko programu ya bure iitwayo Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, nayo huyapanga mafaili ya namna hii katika kompyuta kama mtunza maktaba apangavyo vitabu rafuni. Kijana mmoja wa usharika mwenye kompyuta na saburi aweza kuwasaidia wengi kwa kazi hiyo.

Lakini walio wengi kwetu husomea simu, na huko taabu ni nyingine. Mtu hununua simu Shinyanga mjini au Kahama. Kijana wa dukani humfungulia baruapepe haraka haraka ili simu ianze kazi. Humchagulia neno la siri, wala hamwambii, na mnunuzi huondoka bila kujua hata ya kuwa anayo baruapepe. Mwaka wa pili simu yatumbukia kisimani. Namba yake ya simu hurudishwa bila shida, maana tangu laini zilipolazimishwa kusajiliwa kwa alama za vidole, mpaka zile zisizosajiliwa zikaanza kufungwa mwaka 2020, mtu huenda na namba ya kitambulisho chake cha taifa na kidole chake, akapewa laini mpya yenye namba ile ile. Lakini akaunti ambayo mwenyewe hakulijua jina lake haifunguki kwa kidole. Maneno ya Biblia aliyokuwa akiyasoma simuni yatarudi, kwa kuwa programu ya Biblia hutolewa bure. Bali alama alizozitia, na maelezo aliyoyaandika kando ya aya kwa miaka mitatu akijitayarishia mahubiri, hayo hayarudi kama hayakuwekwa katika akaunti aijuayo.

Ni nani mwenye kosa hapo? Wengine humcheka mwenye simu kwa ujinga wake. Sisi twasema ya kuwa yule aliyemjengea mwenzake nyumba, akaifunga, akaondoka na ufunguo, amemdhulumu, hata kama alifanya hivyo kwa haraka wala si kwa hila. Kumwandikia mtu maneno mawili katika kipande cha karatasi ni kazi ya dakika moja. Vijana wa makanisa yetu wanaofanya kazi katika maduka ya simu na walisikie neno hili.

Sasa tuliingie swali lenyewe. Watu wa Didia wana ndugu zao Geita, na Kahama, na Bulyanhulu, nao wajua vema tofauti iliyopo kati ya kumiliki kitu na kupewa ruhusa. Mchimbaji mdogo aliyepata leseni hawezi kusema ya kuwa dhahabu yote iliyo chini ya miguu yake ni mali yake. Kwa sheria ya Tanzania madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka 7, nayo yaweza kuongezwa muda na yaweza kufutwa. Mchimbaji hadanganywi katika jambo hili. Tangu mwanzo karatasi yake yaitwa leseni, naye hupiga hesabu zake akijua hivyo. Lakini katika duka la vitabu la mtandao kitufe kimeandikwa neno la kununua, na bei imewekwa kama bei ya kitu chochote. Kisha ndani ya masharti marefu, ambayo ni wachache mno wayasomao mpaka mwisho, imeandikwa ya kuwa kitabu hakikuuzwa, bali msomaji amepewa leseni ya kukisoma. Jimbo la California huko Marekani liliuona ubaya wa jambo hili, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria yake yamkataza muuzaji wa vitu vya namna hii kulitumia neno la kununua, isipokuwa amemweleza mnunuzi waziwazi ya kuwa apatacho ni leseni.

Huenda mtu akauliza, yadhuru nini, maadamu vitabu vyasomeka? Na asikie mambo haya. Mnamo mwezi wa Julai mwaka 2009 kampuni ya Amazon iligundua ya kuwa vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell viliuzwa dukani mwake na mtu asiyekuwa na haki ya kuviuza. Basi ikaviondoa kutoka katika vyombo vya wasomaji, kila mtu kwake, bila kumwuliza, ikawarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa akisoma kimojawapo kwa ajili ya shule, naye alikuwa ameandika maelezo mengi. Kitabu kilipotoweka, maelezo yalibaki yakielekeza kwenye kurasa zisizokuwapo. Mkubwa wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi mwezi ule ule. Tena mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na kuanzia mwezi wa Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo havikufunguka tena, hata kwa wale waliokuwa na vyombo vizima. Fedha zilirudishwa, na waliokuwa wameandika maelezo yao ndani ya vitabu walipewa dola 25 zaidi. Twatamani kujua ni nani aliyekaa na kupima mawazo ya msomaji kwa mizani, akaona yafikia dola 25 sawasawa.

Twakiri ya kuwa kampuni hizo zilirudisha fedha, wala hatutaki kuziita za wezi. Walakini, mtu akinunua jembe katika mnada, yule aliyeliuza haji usiku kulichukua nyuma ya mlango na kuacha fedha mahali pake. Na kama angelifanya hivyo, hapana mzee wa baraza angelisema ya kuwa wamemalizana. Kilichouzwa kimetoka mkononi mwa muuzaji, ndiyo maana ya neno lenyewe. Kama hakikutoka, basi na aseme tangu mwanzo ya kuwa anakodisha, nasi tutaipima bei kama watu wanaokodi. Na mkono wa mwenye duka wazidi kubana: tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon imeiondoa ile njia ambayo msomaji aliweza kukitoa kitabu alichokilipia, akakiweka katika kompyuta yake, kisha akakitia chomboni kwa waya.

Hapo ndipo wainjilisti wengi huuliza swali gumu. Mtu amenunua kitabu kwa fedha yake. Chombo kimevunjika, akaunti imepotea, duka halimwitikii, au duka lenyewe limefungwa. Rafiki yake anacho kitabu kile kile katika faili. Je, akiipokea nakala, ameivunja amri ya saba?

Wako wasemao ndiyo, na sababu yao si ya kudharauliwa. Husema ya kuwa ruhusa aliyopewa ilikuwa ya njia moja tu, naye sasa aipita njia nyingine. Na ya kuwa kila mwizi huanza kwa kujipatia haki moyoni mwake. Maneno hayo yana uzito, maana twaijua mioyo yetu. Lakini twaona yapungukiwa na jambo moja. Mwizi humtoa mwenziwe katika mali yake. Huyu aliyekwisha kulipa, amemtoa nani? Mwandishi amepata sehemu yake, na muuzaji pia, na kitabu anachokirudia ni kile kile alichokitolea fedha. Yafanana na mtu aliyelipia debe la mahindi, gunia likapasuka njiani, akarudi kuokota punje zake. Kwa hiyo twasema ya kuwa mtu huyo hakuiba. Sheria za nchi nyingine huenda zikamshika kwa kuvunja kufuli lililotiwa ndani ya faili, naye na aangalie sheria ya mahali alipo. Bali sisi hatutamwita mwizi mbele ya usharika.

Lakini na awe ni kweli amelipa, wala asiseme nimelipa kwa sababu alinuia kulipa. Tena nakala ile na ikomee kwake. Katika makundi ya WhatsApp twaona kitabu kizima, kilichotolewa mwaka huu, kikirushwa kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja, na watu wakijibu amina, amina, kana kwamba wamegawiwa mkate. Mkate huo ni wa nani? Mtunzi wa Kiswahili hauzi vitabu maelfu kwa maelfu kama wale wa Ulaya. Nakala mia mbili zisizolipiwa kwake zaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hata kama sheria isingalikuwapo, ahadi ya mtenda kazi kupata ujira wake si jambo geni kwa wasomaji wa gazeti hili. Wasemao sisi ni maskini wasema kweli. Lakini mara nyingi mtunzi naye ni maskini, na umaskini wetu hautupi haki juu ya wake.

Iko namna ya tatu ambayo hatuwezi kuinenea kwa ukali. Ni ile ya vitabu vya zamani vilivyokwisha kupigwa chapa, kama vile vingi vilivyotolewa na ile ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1948, East African Literature Bureau. Mtu hawezi kuvinunua hata akitaka. Na nakala iliyosalia labda imo sandukuni mwa mwalimu mzee, ikiliwa na mchwa. Aipigaye picha nakala hiyo ili isipotee, twaona anafanya kazi ya mtunzaji, ijapokuwa sheria haikumwandikia ruhusa waziwazi. Tena akimjua mtunzi au jamaa zake, na awaombe. Na pasipo shaka yoyote viko vilivyo huru: Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, yatoa bure vitabu zaidi ya 70,000, ingawa vya Kiswahili humo ni haba mno, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao.

Wasukuma wa zamani hawakuwa na vyombo vya kusomea, lakini shauri hili la kurudishiwa mali baada ya msiba walilijua kuliko sisi. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwapeleka wengine kwa rafiki kijiji cha mbali, na wengine kwa mkwewe. Rafiki akanywa maziwa na kutumia samadi, naye mwenyewe akajua hesabu yake. Tauni ya ng'ombe ikishuka, au wezi wakija usiku, hakurudi kuwa mtu asiye na kitu. Aliyepokea ng'ombe aliwahesabu kuwa amana. Hakuwauza, wala hakusema ni wake kwa sababu wamelala kwake. Basi kitabu nacho na kiwe na mazizi mawili au matatu: kompyuta ya shule au ya usharika, kadi ya kumbukumbu iliyofungwa katika karatasi ya nailoni dhidi ya vumbi letu, na akaunti ambayo mwenyewe ameiandika jina lake kwa wino. Twasisitiza wino. Daftari la kurasa 40 lenye majina ya vitabu vyako vyote, na duka ulilovinunulia, ni bei ya soda moja, na chombo kikivunjika ndilo litakalokuambia umepoteza nini. Wengi hushindwa kurudisha vitabu vyao kwa kuwa hawakumbuki walikuwa na vipi.

Na yako mahali ambapo maktaba yote ilirudishwa bila daftari. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alikufa yapata mwaka 1840, wala hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Karibu miaka 40 na zaidi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa Mombasa pia, aliyakusanya mashairi yake kutoka katika vinywa vya wazee walioyakumbuka, naye mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akashirikiana naye katika kuyaandika na kuyaeleza. Karatasi za Taylor zatunzwa London; mwaka 1940 William Hichens aliyatoa mashairi hayo kitabuni, yakapigwa chapa Johannesburg. Hapo hapakuwa na akaunti wala neno la siri. Watu walikuwa wameyapenda mashairi hata yakakaa ndani yao, na hapana mwenye duka aliyeweza kuyaondoa. Lakini tusijisifu kwa habari hiyo, maana hatujui ni mangapi ambayo wazee wale hawakuyakumbuka. Kichwa cha mtu nacho ni zizi, tena halina budi kufa.

Hili la kufa latuletea neno moja ambalo bado halijapata shauri zuri. Mwinjilisti wa zamani alipokufa, vitabu vyake vya karatasi viligawanywa pamoja na mali nyingine. Mwana mmoja alipata tafsiri, mwingine kitabu cha nyimbo, na jina la baba lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza. Lakini masharti ya maduka kama lile la Kindle hayampi msomaji ruhusa ya kuihamishia leseni yake kwa mtu mwingine, wala hayamtaji mrithi. Mjane akilijua neno la siri, ataendelea kusoma kimya kimya, na hapana atakayemwuliza. Asipolijua, amebakiwa na chombo kizima, kioo kizima, na vitabu mia moja ndani yake asivyoweza kuvifungua. Je, yafaa mume amwandikie mkewe neno hilo wakati angali hai, au ni kuvunja masharti aliyoyakubali? Sisi twaelekea kusema yafaa, kwa kuwa vitabu vilinunuliwa kwa fedha ya nyumba ile, na mke alikosa kitenge mwezi ule. Wazee wa sharika na walijadili jambo hili katika vikao vyao, na wale watakaopata shauri lililo bora kuliko letu na watuandikie kabla ya mwisho wa mwezi.